Hesabu ya Konzi Moja

Kamati iliniandikia: tia imani ndani ya masomo.
Nami, Darthuama, mwalimu wa hesabu wa darasa la nane,
nikatii kama karani.
Juu ya kila zoezi nikabandika aya.
Nikauliza safina ilibeba kwato ngapi,
nikauliza mikate mitano, kwa watu elfu tano,
ni asilimia ngapi ya shibe.
Watoto wakapata zote, wakapiga miayo.
Nilikuwa nimepaka asali mgongoni mwa kijiko.

Huku Mizoram shule yetu imening'inia mlimani
kama shati kambani;
ukungu huingia darasani bila hodi,
na kila achelewaye huusingizia.
Ndani ya ukungu huo Siamkimi alisimama.

"Mwalimu, mianzi huchanua mara moja kwa nusu karne.
Panya hula mbegu, huzaana, hushuka mashambani,
usiku mmoja mpunga hubaki mabua.
Mwaka ule bibi yangu alikuwa na chungu kimoja, watoto sita.
Bado alichota konzi ya kanisa
kabla ya kuinjika.
Ile ilikuwa hesabu, au upumbavu?
Na panya, aliwaumba nani?"

Nilishika chaki. Chaki haikuwa na neno.
Aya nilikuwa nazo, zimekunjwa kama noti mfukoni,
ningeweza kumlipa nikaondoka.
Nikasema: sijui.
Kesho kila mtu alete konzi ya kwao.

Maana kila jiko hapa lina kopo kando ya chungu,
na hakuna mama apikaye
kabla kopo halijapata chake.

Tukaazima mizani ya muuza tangawizi.
Gramu hamsini na nne. Arobaini na moja. Sitini.
Konzi ya nyumba ya ghorofa: ishirini na tisa.
Hakuna aliyecheka.
Thangzuala akageukia dirisha; ndiyo nyumba yao.

Kisha akaingia Pi Darkungi mwenyewe, bibi yake Siamkimi,
mkono wa kulia una vidole vitatu,
viwili viliondoka na msumeno.
Akachota: thelathini na moja.
Akachota tena.
"Mungu anajua mkono wangu haujai," alisema.
"Lakini na mimi najua."

Na panya, bibi?
"Yule yule aliyeumba mpunga. Nilimuuliza.
Hajajibu. Humuuliza kila nikichota."

Tukarudi ubaoni.
Nyumba themanini, gramu hamsini,
mara mbili kwa siku, mwaka mzima:
kilo elfu mbili mia tisa na ishirini.
Mtu akagusa dawati lake polepole,
kana kwamba lina joto.

"Basi mchele ndio uliojenga shule," Thangzuala akasema,
"si Mungu."
Nikamwambia: liandike hilo.
Akaandika kurasa nne, kalamu ikatoboa karatasi.
Nilimpa alama zote za hoja,
nikamkata mbili za tahajia.
Mzee mmoja wa kamati hakunisalimu mwezi mzima.

Ni miaka sita sasa. Kijana yuko Delhi, anasomea madaraja.
Kusali hasali, aliniambia kwenye simu;
kanisani huenda Krismasi, kwa ajili ya mama.
"Ila mwalimu, nilinunua kopo.
Nikipika, mkono unaenda wenyewe.
Sasa limejaa. Nimpe nani?"

Nikasikia kifuniko kikifunguka,
mchele ukinong'ona kwenye bati.
Nikamuuliza:
usiku, nani hulinda lango la bweni lenu?

Akanyamaza.
Pikipiki ikapita huko kwake.
"Sijui jina lake."

Basi, nikasema, anzia hapo.