Viti Vitatu

Wrocław. Bomba la joto linakohoa,
theluji imeziba nusu ya dirisha.
Bogna amepanga viti vitatu, kila kimoja na karatasi:
Mzazi. Mtu Mzima. Mtoto.
"Nadharia hii tuijadili," asema, "tusiihubiri."

Wakufunzi saba, na Zdzisław,
aliyewanoa mameneja wa benki miaka ishirini,
anaapa: yeye husema na watu kama mtu mzima.
"Kila mara?" auliza Irmina.
"Usinikatize ninapoongea!"

Kijiko kikagota kikombeni.

Akaisikia, nadhani, imechelewa kumrudia.
"Huyo," akasema, "ni baba yangu.
Tulimzika mwaka wa themanini na tatu."

Hakuna aliyeandika.
Kiti cha Mtoto kilikuwa kidogo mno kwake.
Akakikalia hivyo hivyo,
koti mapajani.