Kabla Hamjazama

Kaeni. Nyinyi wa Toledo, wekeni kamera chini kwanza.
Naitwa Halina Wojtas. Mashua ni yangu, deni ni la benki,
na leo Ziwa Huron limelala kama shuka iliyopigwa pasi.
Msidanganyike. Huku juu ni Agosti;
mita thelathini na tano chini ni Januari mwaka mzima.

Hatutii nanga. Kuna boya la njano, tunajifunga hapo.
Kuna bwana mmoja aliwahi kutupa ya kwake:
ikapenya staha kama kisu kwenye keki,
na mbao zilizovumilia baridi ya miaka mia na ushee
zikafa mchana mmoja wa jua na bia.

Shukeni kwa kamba. Kamba ndiyo mlango,
na hodi yake ni mkono: shika, tulia, hesabu pumzi kumi.
Asiyefika kumi apande juu. Nina kahawa, sina ugomvi.

Mlingoti wa mbele bado umesimama,
utadhani unangoja amri.
Jina liko tezini, *Adelina Pruitt*,
ila kome wamelifunika, wale wadogo waliokuja na meli za mbali.
Msiwakwangue. Najua mnataka picha ya jina.
Chini ya kome kuna rangi,
na rangi itabanduka nao kama gaga la kidonda.

Mapezi yasiguse tope. Teke moja tu
na wenzako wanakuwa vipofu nusu saa.

Ngamani hamwingii.
Sikusema msiingie mkichoka.
Sikusema ingieni wawili wawili.
Lyle Dombrowski aliingia, naye alituzidi sote.
Mkewe huuza mikate sokoni kila Jumamosi,
nami hununua miwili, ingawa naishi peke yangu.

Sasa hili.
Msichukue kitu. Msumari. Kigae. Kipande cha kapi.
Sheria ya jimbo nimeibandika pale kando ya usukani:
faini, mahakama, vifaa vyako vinakwenda na serikali.
Lakini sheria huisoma anayeogopa kukamatwa,
na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Kikombe. Cheupe, mstari wa buluu mdomoni,
kimekaa rafuni jikoni
kana kwamba mtu kakiweka hivi punde, kaitwa, anarudi.
Nikakitia mfukoni.
Miaka ishirini na sita kilikaa dirishani kwa mama,
wageni wakikigeuza, wakisema lo,
wakikirudisha juu ya kitambaa cha kufuma.

Kisha akaja mama wa makumbusho, Bi Thibodeau,
miwani kifuani, daftari mkononi. Hakunifokea.
Aliuliza: kilikuwa rafu ya juu au ya chini?
Vilikuwepo vingine vingapi?
Nikafungua mdomo.
Nilikumbuka moyo wangu ulivyodunda. Rafu sikuikumbuka.

Maana orodha ya mabaharia iliungua na ofisi ya bandari,
akaniambia, na hakuna aliyeogelea akafika pwani kuwahesabu.
Vikombe vingetuambia walikuwa wangapi.
Ila kila aliyeshuka kabla yako
na baada yako
alipenda kimoja.

Ndiyo maana lile jiwe la ufukweni, mlilopiga picha asubuhi,
limeandikwa "Nahodha na watu wake"
bila idadi.

Nilimwomba nikirudishe. Akavua miwani:
"Utakiweka wapi, Halina?"
Sasa kiko kabatini, kina namba, hakina jirani.

Basi. Barakoa zenu, mitungi, vipimo; kagueni mara mbili.
Mikono isiyo na kazi ifumbateni kifuani.
Tazameni mpaka macho yachoke, ni bure.

Pale kwenye sinia nimepanga vikombe sita.
Mnaona? Sita.
Nitakuwa hapa hapa, na birika,
nikihesabu.