Mgeni Njoo

Kichwa chako nakijua kuliko kiganja changu.
Miaka sita, kila Jumamosi ya pili,
umekaa kati ya magoti yangu, kibarazani Tandika,
ukitafuna karanga, ukisengenya,
nami nikigawa nywele kwa kitana cha mkia
njia kwa njia, kama mpima viwanja.
Nalijua kovu la sufuria nyuma ya sikio,
nakijua kisogo kinachoshtuka kikiguswa na mafuta ya baridi.

Titi sikulijua.
Ulisema ni maziwa yametangulia,
mimba ya pili haraka yake hiyo.
Nikacheka: mwanao mroho,
kaagiza chakula kabla hajapata mdomo.
Kicheko kile bado kimenikwama mahali.

Mlirudi kutoka Muhimbili na bahasha.
Hemedi kaishika kwa mikono miwili
kama mtu aliyebeba uji wa moto.
Akasema tu, "Wiki ya kumi na tisa,"
na hatukujua anahesabu kipi,
kinachokua huku au kinachokua kule.

Nyumba yetu ina vyumba sita, luku moja
na ugomvi wa kutosha.
Usiku ule tulinong'ona uani.
Mama Pili akataja jicho.
Mwingine akataja mizimu ya upande wa mume.
Bi Sikujua, muuza mkaa, ambaye hajawahi kumkopesha mtu,
akasema: "Jicho halijui kupika.
Kesho nani anapika?"

Ndipo daftari likaanza.
Jalada la nyuma lina jedwali la kuzidisha.
Jumatatu, Mama Pili, maji.
Jumanne, mimi, Ocean Road.
Jumatano, Rehani apelekwe chekechea, asihongwe pipi.
Chausiku aliandika "maombi" siku zote saba.
Tukamwambia vizuri, na ufue pia.

Kwenye benchi la hospitali nilijifunza
kwamba "unajisikiaje" ni swali linalochosha kama ngazi.
Ukaniomba habari za mtaani:
nani kaachika, nani kakimbia na deni la rasta.
Dripu inashuka, mimi nasengenya,
mara ukanivuta mkono niguse teke.
Daktari alishaeleza, miezi ya hatari imepita,
dawa hii mtoto anaimudu.
"Yeye anaimudu," ukasema. "Mie je?"
Sikujibu.
Nikarudi kwenye deni la rasta.

Siku ya nywele ulikuja mwenyewe, Mwajabu,
wembe umefungwa kwenye pindo la kanga.
Magoti yaleyale. Hakukuwa na cha kugawa.
Kovu la sufuria likatoka mchana kweupe,
nikalisalimia kama jamaa.
Hemedi akaja, akakaa chini kwenye foleni.
"Na mie."
Nikamfukuza. Nywele zako hazijakosa kitu,
nenda kanunue ndimu, mkeo anatapika.

Usiku hulia bafuni, bomba kalifungulia tusisikie.
Bili ya maji imepanda.
Hakuna aliyeuliza.

Sasa ni wiki ya thelathini na tano.
Kesho wanamtoa, kisha dawa zinaendelea.
Titi hatalinyonya.
Bi Sikujua kaweka makopo mawili ya maziwa mlangoni,
kasema msinishukuru, mkaa umepanda bei.
Nepi za kurithi zimejaa kamba nzima,
na Rehani anauliza kama mtoto atakuja na viatu.

Jioni umetoka na kikapu, Hemedi nyuma yako,
tumesimama uani sote bila la kusema.
Chausiku, kwa mazoea, akapaza sauti,
"Mgeni njoo..."
akasita.

Nusu iliyobaki tunaijua wote.
Tumeibana midomoni
kama ninavyobana pini nikisuka:
sithubutu kusema,
sithubutu kumeza.