Nusu ya Doti

Wiki ya kwanza moshi ulifuka dirishani kwake,
nikakimbia na ndoo, Barabara ya Kumi na Tano
nzima nyuma yangu, Ngamiani yote mbio.
Tukamkuta Ihsani juu ya kijishimo cha makaa,
kajitanda blanketi, anajifukiza.
Akacheka hadi machozi. Nasi pia.

Siku hizi nabisha hodi bila ndoo.
Kahawa yake ina tangawizi kali,
na mkate wangu wa kumimina anaubishia:
mzito, asema, kisra ya kwetu hupeperuka.

Tobe lake ni mita nne na nusu.
Usiku wa Moyale lilikuwa hema,
watoto wawili ndani.

Kwao, kaniambia, “jirani” ni wengi;
mmoja peke yake ana neno jingine.
Akaanza kuwahesabu wa Omdurmani:
Sittana, Nafisa, mama yake Hajir,
akafika nyumba yenye mlango wa kijani
akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Idi nilimpelekea khanga.
Akaipima kwa mikono, akakunja uso:
mbona fupi? Nusu yake iko wapi?

Nikasimama
aione kiunoni mwangu.