Mita Arobaini

Kikao cha kumi na saba. Ukumbi wa mazoezi wa shule,
kwa kuwa shule ndiyo jengo pekee lenye mlango kila upande:
wao waingilie kule, sisi huku,
asionekane mtu kamfuata mwenzake.
Mezani, chini ya goli la mpira wa kikapu,
zimelala ramani mbili zilizochorwa na serikali moja
iliyokufa bila kuacha wosia.
Katika moja, mfereji ni wetu.
Katika nyingine, mfereji ni wao.
Mfereji wenyewe unapita nje ya dirisha,
haujui kusoma.

Nasema "wetu" na "wao" kwa mazoea tu.
Mimi ni ulimi wa kukodi, nalipwa kwa saa.
Mama alizaliwa ng'ambo ya lile lango la chuma la maji,
baba ng'ambo hii,
na harusi yao ilihitaji daraja,
haikuhitaji pasipoti.

Bwana Toktosun anahesabu nyumba zilizoungua
mwaka ule theluji ilipowahi kuyeyuka.
Bwana Mirzosharif anahesabu makaburi.
Navusha tarakimu kutoka Kikirigizi hadi Kitajiki,
kutoka Kitajiki hadi Kikirigizi.
Zinafika vilevile zilivyo.

Saa nane mchana wanafika kwa Bibi Oykhon,
si kwake hasa, kwenye nukta yake karatasini:
jiko liko nchi moja, banda la kuku nchi nyingine.
Wajumbe wawili wakuu, wanasheria wanne, kanali mwenye mafua,
wote wanajadili kuku.
Yai likitagwa kule, likakaangwa huku,
je, ushuru?
Kanali anacheka, anakuta anacheka peke yake,
anajifanya anapiga chafya.

Hapo ndipo Bwana Toktosun aliposimama, kiti kikaanguka,
akalitamka lile neno,
neno la baba wa mtu,
ambalo likishatoka halirudi mdomoni.
Ukumbi mzima ukanigeukia.
Nikameza mate. Nikasema kwa Kitajiki:
"Mheshimiwa amechoka kidogo.
Anaomba turudie kifungu cha tisa."
Husemwa ulimi hauna mfupa.
Wangu siku ile ulipinda hadi ukauma.

Bwana Mirzosharif akavua miwani,
akaifuta kwa ncha ya tai, polepole, jicho la kushoto, la kulia.
Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi,
akasema kwa Kikirigizi,
Kikirigizi safi chenye lafudhi ya soko la Alhamisi,
soko la aprikoti kavu lililofungwa kabla ya uzio:
"Dada Saodat, chai imepoa.
Mmiminie mheshimiwa ya moto."

Vikao kumi na saba.
Kila mnong'ono, kila tusi la pembeni,
alikuwa akilisikia mara mbili:
kwanza lilivyo, kisha nilivyolivisha nguo.
Bwana Toktosun akatazama kiti chake sakafuni.
Msaidizi akakimbilia kukiinua.
Akamzuia kwa mkono, akainama mwenyewe,
akakiinua, akaketi,
akanywa ile chai ingawa ilimchoma.

Kumbukumbu za kikao zinasema:
*Pande zote mbili zilibadilishana mawazo kwa uwazi.*

Usiku wa manane walitia saini mita arobaini,
kuanzia nguzo ya umeme hadi kisiki cha mforosadi.
Zimebaki kilomita mia mbili na ushei.
Maji: siku shufwa kule, siku witiri huku;
kuhusu mwezi wenye siku thelathini na moja
kitaitishwa kikao kingine.

Alfajiri nilipita kwa Bibi Oykhon. Alikuwa amekwisha kuamka,
shali kichwani, taa ya mkononi.
"Mmepata nini?"
"Mita arobaini, bibi."
"Kuku wangu wamo?"
"Hawamo. Bado."
Akaguna. Akavuka ua,
yaani akavuka nchi,
akaenda kuwafungulia.