Jumanne ya Nne

Ukucha wa kidole gumba umebanduka leo asubuhi,
mweusi, mkavu, kama mbegu ya tikiti.
Nimeuweka pamoja na medali, ndani ya droo ya vijiko.
Vijuane vyenyewe.

Poznań, Novemba. Ukungu umelifunika ziwa,
na Halszka amenitangulia, anaruka-ruka
kama aliyekanyaga siafu.
"Mara sita, kilomita mojamoja," anasema,
kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate.

Ya kwanza naikimbia kwa kiburi.
Ya pili kwa aibu.
Ya tatu, paja la kushoto linakumbuka
kilomita ya thelathini na nne, lile daraja,
mtoto aliyeninyooshea kipande cha chungwa
nikashindwa hata kufumba vidole.

Nilidhani mwili umesahau.
Ngazi nazishuka sasa bila kushika ukuta,
usingizi umerudi, hamu ya chumvi imekwisha.
Kumbe mwili ni mwenye duka:
anacheka nawe, anakuulizia watoto,
na daftari liko chini ya meza.

Ya nne sikuimaliza.
Nimesimama mita mia mbili kabla, mikono magotini,
pua inavuja, bata wananitazama
pasipo huruma wala dhihaka.
Halszka amepita, hakugeuka.
Namshukuru kwa hilo.

Saa bado inahesabu. Naiacha ihesabu.
Keshokutwa, najiambia, tatu tu.

Miguu haikunisikia.
Imeshaanza kumfuata.