Sahihisho la Saa Tisa

Shirika lilianza na meza moja, Katowice,
juu ya duka la samaki wa chumvi;
hata habari mbichi zilitoka zikinuka.

Bi Halszka alipiga taipu kwa vidole viwili.
Usiku mgodi ulipoporomoka alituma:
wamekufa kumi na saba.
Saa tisa mtu akatambaa kutoka shimoni,
akaomba sigara.

"Maji yakimwagika hayazoleki," mhariri akaguna.
Halszka akayazoa:
Kumi na sita. Tulikosea.

Leo tuna ghorofa nne, mitambo isiyolala,
tuzo zimefungiwa kabatini.
Ukutani kipo kikaratasi kile tu, kimepauka.
Mgeni akiuliza maadili yetu, tunamwonyesha.
Hukisoma mara mbili,
akitafuta zaidi.